Sukhoi ya Bure: Su-25 kutoka Tbilisi hadi Goma, na Kwenye Skrini

Mtu akipakua DCS World, gemu ya ndege za kivita inayojulikana kwa ugumu wake, anapewa ndege mbili bila kulipa hata senti. Moja ni Mustang ya enzi za Vita Kuu ya Pili, toleo la mafunzo lisilobeba silaha. Ya pili ni Su-25T, jeti ya Kirusi ya kushambulia ardhini, na hii haiji mikono mitupu: ina mzinga, roketi, mabomu, na makombora 16 ya kuvunjia vifaru. Ndege nyingine karibu zote zinauzwa, tena kwa bei ambayo kijana wa Nairobi au Dar es Salaam huitazama mara mbili kisha akafunga ukurasa. Ndiyo maana, tangu gemu hiyo ianze kutolewa kwa mtindo huo mwaka 2012, watu wasiohesabika wamejifunza kuruka, kuanguka na kuruka tena ndani ya Su-25T. Swichi zake wanazijua. Historia yake wanaijua wachache, nayo inapita Afghanistan na Georgia, ikafika mpaka Goma.

Tuanzie mwaka 1967. Septemba ya mwaka huo jeshi la Umoja wa Kisovieti lilifanya mazoezi makubwa yaliyopewa jina la Dnepr. Wakuu wa jeshi la anga wa wakati ule walikuwa wamelewa mwendo kasi: ndege bora ilikuwa ile inayoipita sauti, na mengine yangefuata. Il-2 Shturmovik, ndege iliyowatesa Wajerumani vitani na kuundwa zaidi ya 36,000, ilikuwa imestaafu bila mrithi wa kweli. Mazoezini mambo yakaenda kinyume. Jeti mpya zilipita juu ya shabaha kwa kasi ambayo haikumpa rubani nafasi ya kuona kilichokuwa chini, achilia mbali kukipiga. MiG-17, ambayo kila mtu alikwisha kuihesabu kuwa kikongwe, ilizunguka taratibu, ikaona, ikapiga.

Oleg Samoylovich, mhandisi katika ofisi ya usanifu ya Pavel Sukhoi, alilishika somo hilo. Mwaka 1968 yeye na wenzake wachache, wakisaidiana na afisa mmoja wa chuo cha jeshi la anga aitwaye Ivan Savchenko, walianza kuchora ndege ya uwanja wa vita nje ya ratiba ya kazi, bila kumwarifu bosi wao. Walipompelekea michoro, mzee Sukhoi hakuwakemea, aliwaambia waendelee. Mwaka uliofuata serikali ikaitisha mashindano. Ofisi nne ziliingia: Sukhoi, Yakovlev, Mikoyan na Ilyushin. Sukhoi akashinda, ingawa ilichukua miaka kadhaa ya kubishana juu ya uzito, kasi na gharama kabla chuma cha kwanza hakijakatwa.

Tarehe 22 Februari 1975 ndege ya majaribio, T8-1, iliruka kwa mara ya kwanza. Rubani alikuwa Vladimir Ilyushin. Jina hilo si la bahati mbaya: alikuwa mtoto wa Sergey Ilyushin, yule yule aliyesanifu Il-2. Baba alikuwa angali hai, na ofisi iliyobeba jina lake ilikuwa miongoni mwa zilizoshindwa kwenye mashindano. Basi mrithi wa Shturmovik alizaliwa nyumba ya jirani, na mtoto wa mwenye Shturmovik ndiye aliyempeleka angani. Pavel Sukhoi mwenyewe hakuishi kuiona ikiingia kazini. Alifariki Septemba mwaka huo huo.

Ndege waliyoiunda haina urembo. Rubani amekalishwa ndani ya kisanduku cha titani kilichochomelewa, chenye unene wa kuanzia milimita 10 hadi 24, ili risasi za kutoka chini zimkute mahali pagumu. Injini mbili zimekaa ubavuni mwa kiwiliwili, na kwa dharura zinakubali hata dizeli ya malori. Kasi yake ya juu ni kama kilomita 950 kwa saa, chini ya sauti, kwa makusudi. Mzinga wake wa milimita 30 una mitutu miwili na risasi 250, na chini ya mabawa kuna sehemu kumi za kuning'iniza silaha, zinazobeba zaidi ya tani nne. Marubani wakaiita Grach, jina la ndege mmoja mweusi wa jamii ya kunguru anayeshinda mashambani akidonoa. Jumuiya ya NATO ikaiita Frogfoot. Kazi ya kuiunda ilipelekwa Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, kwenye kiwanda namba 31 ambacho kilikuwa kimekwisha kutengeneza MiG za kila namna.

Kabla jeshi halijaipokea rasmi, ilipelekwa vitani. Aprili 1980, miezi michache tu baada ya Wasovieti kuingia Afghanistan, ndege mbili za majaribio zilitua Shindand, magharibi mwa nchi hiyo, katika zoezi lililoitwa Romb. Hadi mapema Juni zilikuwa zimeruka mara 100 hivi, na safari 44 kati ya hizo zilikuwa za mapigano halisi. Ripoti ziliridhisha. Mwaka 1981 kikosi cha kwanza kamili kikahamia Shindand kutoka Azerbaijan, na kuanzia hapo hadi majeshi ya Kisovieti yalipoondoka Februari 1989, Grach ilikuwa juu ya mabonde ya Afghanistan karibu kila siku.

Mabonde hayo ndiyo yaliyoifundisha. Ndege inayoshambulia ndani ya bonde ina njia mbili tu, ya kuingilia na ya kutokea, na mwenye bunduki aliye juu ya kilima anazijua zote mbili. Mujahidina walikuwa na bunduki nzito za kutungulia ndege, na kuanzia Septemba 1986 wakawa na Stinger, kombora la Kimarekani linalorushwa begani na kufuata joto. Hapo udhaifu wa Su-25 ukajulikana. Injini zake zimekaribiana. Moja ikipigwa na kushika moto, moto unahamia ya pili, kisha mitambo ya usukani. Wahandisi wakaongeza bamba la chuma kati ya injini, mfumo wa kuzima moto, na idadi kubwa zaidi ya zile fataki za joto zinazorushwa nyuma kulihadaa kombora. Zikafika 256 kwa ndege moja. Pamoja na yote hayo, Wasovieti walipoteza zaidi ya Su-25 ishirini katika vita hivyo.

Mmoja wa waliotunguliwa alikuwa Kanali Alexander Rutskoy, na habari zake zingefaa kitabu kizima. Aliangushwa Aprili 1986 akaumia vibaya mgongo. Madaktari walidhani kazi ya urubani imekwisha, akarudi. Agosti 1988 akaangushwa tena, safari hii na F-16 ya Pakistan, akakamatwa, akabadilishwa na kurudishwa kwao, akatunukiwa nishani ya Shujaa wa Umoja wa Kisovieti. Miaka mitatu baadaye alikuwa Makamu wa Rais wa Urusi, na Oktoba 1993 akawa amejifungia bungeni akimpinga Rais Yeltsin huku vifaru vikilipiga jengo. Kwenye gemu, kujirusha nje ya ndege ni Ctrl na E mara tatu, halafu unabonyeza kuanza upya.

Ile herufi T inaeleza kwa nini ndege ya bure ni adimu kuliko inavyodhaniwa. Su-25T iliruka mara ya kwanza Agosti 1984. Wasanifu walichukua umbo la ndege ya mafunzo ya viti viwili, wakaondoa kiti cha nyuma na kujaza mahali pake mitambo na mafuta. Puani wakaweka Shkval, kamera yenye leza inayokuza picha mara 23, na mzinga ukahamishiwa chini ya tumbo. Lengo lilikuwa moja: vifaru vya NATO katika nyanda za Ulaya. Vita hiyo haikutokea. Ilipofika wakati wa kuziunda kwa wingi, Umoja wa Kisovieti ulikuwa unavunjika, pesa hazipo, na kiwanda kikajikuta katika nchi nyingine. Zilizokamilika zilikuwa chache za kuhesabika. Urusi ilizitumia kidogo Chechnya. Nathubutu kusema kwamba wachezaji walioendesha Su-25T mbele ya skrini wanawazidi mara maelfu marubani walioiendesha kweli.

Georgia ilipopata uhuru ilibaki na kiwanda cha ndege za vita, mifupa ya ndege ambazo hazijakamilika, na vita mlangoni. Katika vita vya Abkhazia, jimbo lililotaka kujitenga na Georgia, vya mwaka 1992 na 1993, Su-25 zilizotoka Tbilisi zilipambana katika anga ya pwani ya Bahari Nyeusi, na upande wa pili Urusi nayo ilikuwa na Su-25 zake. Uwanja wa ndege wa Sukhumi, mji wa Abkhazia, ukawa mahali pa maafa. Septemba 1993, mji ukiwa umezingirwa, ndege za abiria zilitunguliwa kwa makombora zikikaribia kutua. Siku moja ndege ilianguka baharini. Kesho yake nyingine ikaanguka kwenye barabara ya kutulia. Zaidi ya watu 100 walikufa. Siku chache baadaye, tarehe 27, mji ukaanguka mikononi mwa Waabkhazia.

Agosti 2008 vita vikarudi, Georgia na Urusi ana kwa ana kwa sababu ya jimbo la Ossetia Kusini. Pande zote mbili zikarusha Su-25. Warusi walipoteza kadhaa, na baadhi ziliangushwa na askari wao wenyewe, kwani mwenye kombora begani haoni rangi ya bendera kwenye mkia, anaona umbo tu, na umbo lilikuwa lile lile. Mabomu ya Kirusi yaliangukia eneo la kiwanda cha Tbilisi. Ndege ilirudi kupiga kwao.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Mwaka 1990, ukuta wa Berlin ukiwa ndiyo kwanza umebomolewa, kampuni ya Marekani ya Electronic Arts ilitoa gemu iliyoitwa Stormovik, iliyomkalisha mchezaji ndani ya Su-25. Kwa Wamarekani waliozoea kuziona ndege za Kisovieti kama shabaha, kuiendesha ilikuwa jambo jipya. Lakini michoro ya enzi hiyo ilikuwa pembetatu za rangi, na ndege ilijulikana zaidi kwa jina lake kwenye boksi kuliko kwa tabia yake angani.

Waliobadilisha mambo ni Eagle Dynamics, kampuni iliyoanzia Moscow, ndiyo inayotengeneza DCS World. Mwaka 1995 walitoa Su-27 Flanker, ikichezwa juu ya ramani ya Crimea. Mwaka 2003 wakaja na Lock On, ambayo ndani yake mchezaji aliweza kuchagua Su-25 au mpinzani wake wa Kimarekani, A-10. Mwaka 2005 ikafuata Flaming Cliffs, na hapo ndipo Su-25T ilipoingia. Ndiyo iliyopewa hesabu mpya za urukaji ambazo kampuni hiyo ilikuwa inazijaribu: upepo ukikokotolewa juu ya kila sehemu ya ndege peke yake, mabawa, mkia, mpaka magurudumu yanayogusa lami. Toleo hilo lilikuwa na ulinzi dhidi ya wizi uliowakera hata walionunua kihalali, lakini waliovumilia walikiri kwamba hawajawahi kuhisi ndege nzito namna ile kwenye kompyuta.

Halafu kuna jambo ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. Ramani iliyozoeleka ya DCS World ni Kaukazi: Batumi, Kobuleti, Senaki, Kutaisi, Sukhumi, Gudauta, na ng'ambo ya milima, Mozdok na Beslan. Ndani yake kuna bahari, milima, nyanda, vyote pamoja. Oktoba 2008 kampuni ilitoa nchini Urusi gemu ya helikopta ya Ka-50, ikichezwa juu ya ardhi hiyo hiyo. Risasi za kweli zilikuwa zimenyamaza pale miezi miwili tu kabla. Leo mchezaji aliyeko popote duniani hujifunza kutua Sukhumi, akihangaika na upepo wa pembeni, na hakuna kinachomwambia ni kitu gani kiliwahi kuanguka juu ya lami ile.

Nisidharau ufundi wa gemu yenyewe, maana ni mkubwa. Chukua safari ya kawaida kutoka Batumi. Unawasha injini kwa Shift ya kulia na Home, unasubiri mishale ya dashibodi itulie, unashusha flapsi kwa F, unaachia breki ambayo ni W. Ndege iliyojaa silaha inajikokota. Mgeni huona barabara inamwishia, anavuta fimbo kwa pupa, pua inapaa kabla mabawa hayajawa tayari, na safari inaishia majini. Mwenye subira anaiacha ipate kasi, anainua pua kidogo, kisha G kukunja magurudumu. Angani inayumba, inahitaji kurekebishwa kila mara. Haikuundwa kwa madaha.

Ukikaribia eneo la adui unabonyeza 7 kuingia hali ya kushambulia ardhini, halafu O kuiamsha Shkval. Skrini ndogo upande wa kulia wa dashibodi inawaka kwa picha ya nyeusi na nyeupe. Unasogeza kisanduku cha alama juu ya barabara, polepole, mpaka kidoa kimoja kionyeshe kwamba kina mtutu. Enter, na mtambo unakishika. Ukifika chini ya kilomita kumi, alama ya ruhusa inatokea kwenye kioo cha mbele. Unafyatua, na kombora la Vikhr linachomoka likijizungusha, likiufuata mwale wa leza. Kinachofuata ndicho kinachowaua wengi. Mpaka kombora lifike, leza lazima ibaki juu ya shabaha, kwa hiyo huwezi kugeuka. Unaendelea kwenda mbele, sekunde baada ya sekunde, kuelekea mahali penye bunduki za kukutungua. Mchezaji mchanga anang'ang'ania kuutazama mlipuko. Mzoefu anageuka mara tu kombora linapogonga, anabonyeza Q kumwaga fataki, anashuka bondeni. Marubani wa Kisovieti kule Afghanistan walilipia somo hilo kwa damu, na gemu inalifundisha vizuri kuliko kitabu chochote nilichokisoma juu ya ndege hii.

Gharama nayo tuiseme. Gemu ni ya bure, bando si la bure. Kuipakua kunakula makumi ya gigabaiti, na kompyuta dhaifu itaigeuza kuwa onyesho la picha moja moja. Wenye mashine nzuri hununua fimbo na leva za chuma zinazofanana na za kweli. Wengine hucheza kwa kibodi na panya, na Su-25T huvumilia hilo kuliko jeti nyingi za kisasa, maana mitambo yake imerahisishwa na vitufe vyake ni vichache.

Afrika iliijua ndege hii mapema. Angola ilipata za kwake kutoka kwa Wasovieti miaka ya 1980. Ethiopia ilinunua chache, zikiwemo za aina ya T, wakati wa vita na Eritrea, vita vilivyokwisha mwaka 2000. Na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ikiwa katikati ya vita vilivyoziingiza nchi jirani nyingi, ilinunua ndege kama kumi kutoka Georgia mwaka 1999 na 2000, zilizotoka kiwanda kile kile cha Tbilisi. Hazikuwa na maisha mepesi. Vipuri viko mbali, marubani wa kuzirusha ni wachache na baadhi wamekuwa wa kukodiwa kutoka nje, na mwaka 2007 moja ilianguka siku ya maadhimisho ya uhuru.

Goma hakuna anayetaja Su-25. Ni Sukhoi tu. Uwanja wa ndege wa mji huo uko ndani ya mji kabisa, nyumba zimeubana pande zote, na ncha yake ya kaskazini ilifunikwa na lava ya Nyiragongo Januari 2002, ikawa barabara imefupishwa. Ukiruka kuelekea kusini unajikuta juu ya Ziwa Kivu, na kushoto kwako, kilomita chache tu, ni Gisenyi, Rwanda. Jeti inayohitaji kilomita kadhaa kugeuka imewekwa mahali ambapo kilomita kadhaa ni nchi nyingine.

Mapigano na waasi wa M23 yaliposhika kasi mwaka 2022, Sukhoi zikarudi kazini na mpaka ukawa kesi. Novemba mwaka huo moja ilitua kwa muda mfupi uwanja wa Rubavu, upande wa Rwanda, kisha ikaondoka. Kongo ilisema haikuwa na silaha na iliingia kwa bahati mbaya. Desemba Rwanda ikalalamika tena. Tarehe 24 Januari 2023 haikulalamika, ilifyatua. Video ya simu inaonyesha ndege ikija chini kuelekea uwanjani, kombora likipanda, mlipuko karibu nayo, kisha ndege ikiendelea kwenda huku inawaka ubavuni. Ilitua Goma, moto ukazimwa. Rwanda ilisema ndege imeivunja anga yake kwa mara ya tatu. Kongo ikasema ilikuwa ndani ya mipaka yake na kwamba kuifyatulia ni kitendo cha uchokozi. Anayeyajua yale mabamba yaliyoongezwa kati ya injini baada ya Stinger ana haki ya kudhani kuwa Afghanistan ilikuwa na mchango katika kutua kule.

Ndani ya mwaka mmoja kabla ya hapo, dunia ilikuwa imeshuhudia kinyume chake. Urusi ilipoivamia Ukraine, Februari 2022, ilisambaa video ya rubani wa Kiukraine akiiangusha jeti ya Kirusi, wakamwita Mzuka wa Kyiv. Mamilioni waliitazama kama ya kweli. Ilikuwa imetengenezwa ndani ya DCS World. Hii ndiyo sifa ambayo wasanifu hawakuiomba: kazi yao imekuwa nzuri kiasi kwamba inatumika kudanganya. Tangu wakati huo kila mapigano makubwa yakizuka, vipande vya gemu huingia kwenye makundi ya WhatsApp vikiwa na maandishi ya kutisha juu yake. Dalili hazifichiki kwa anayetazama kwa utulivu. Kwenye gemu kamera inaifuata ndege kwa ulaini kutoka angani, mahali ambapo hakuna mtu wa kusimama nayo. Moshi unajirudia kwa umbo moja. Chini hakuna mtu anayekimbia wala anayepiga kelele. Video ya Goma ilitikisika, kwa sababu aliyeishika simu alikuwa na moyo unaodunda.

Kuhusu watu wa chini, gemu haina jibu. Miji ya Kaukazi ina nyumba, taa za usiku, na magari kadhaa barabarani ukiyaruhusu kwenye mipangilio, lakini hakuna soko, hakuna shule inayotoka saa sita, hakuna anayeangalia juu. Bomu likikosa kifaru likaangukia mtaa, jengo linabadilika kuwa kifusi na hesabu ya mchezo haipungui. Sisemi kampuni ina nia mbaya. Kuiga urukaji ni fizikia, na fizikia ina kanuni. Lakini ndege ya kushambulia ardhini ina sehemu mbili, angani na ardhini, na mpaka sasa ni moja tu iliyoigwa.

Ramani zimeendelea kuongezeka: Ghuba ya Uajemi na ncha ya Oman, Syria, Sinai hadi Cairo, na mwaka 2024 Afghanistan, ambako anayenunua anaweza kuipeleka Su-25 Shindand, mahali ilipoanzia vita. Ramani ya Kivu haipo. Januari 2025 M23 waliuteka Goma na uwanja wake wa ndege, na Sukhoi hazirushwi tena kutoka pale.

Wewe unayetaka kuijaribu hii ya bure, ijaribu. Ni shule nzuri. Ila kabla hujapanga kutua Sukhumi, tafuta usome kilichotokea kwenye uwanja ule Septemba 1993. Itakuchukua muda mfupi kuliko kupakua gemu.